Risala ya Klabu ya Kiswahili kwa Mgeni Rasmi: Tranka la Profesa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Karibu Tukuyu, na pole kwa matope. Huku mvua haiangalii kalenda.

Mheshimiwa, mwezi Machi familia ya marehemu profesa mmoja, mzaliwa wa kata hii, ilitukabidhi tranka la bati. Marehemu alifundisha fasihi ya Kiswahili chuo kikuu, na miaka yake mingi aliimaliza kwa kazi za mwandishi Shaaban Robert. Tulipofungua tulipokelewa na harufu ya ukungu na panya. Ndani mlikuwa na notisi za mihadhara, rasimu zilizopigwa taipu, na kadi ndogondogo za wino wa kijani. Katika kadi moja ameandika neno la shairi, akalikata, akaliandika tena, akalikata, kisha pembeni akaweka: "Nimuulize bibi." Profesa mzima! Siku hizi nasi tukikwama darasani tunasema hivyohivyo.

Tranka hilo lilikaa stoo ya mahindi miaka mingi. Jalada namba 4 limebaki ganda. Tumeambiwa kurasa zake zilifungia karanga.

Inatuuma, kwa sababu barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, kuanzia 1931 hadi 1958, zilitunzwa, ndiyo maana mwaka 2002 zikatoka kitabu, miaka 40 baada ya mwandishi kufariki. Zingeishia kwa muuza karanga, tungebaki na Shaaban wa mashairi na riwaya, yule wa kumwandikia nduguye tusimjue kabisa.

Sisi tumeanza na pini. Zilishika kutu hadi zikachora alama kwenye karatasi, tukazichomoa moja moja. Karatasi tumezianika kivulini, na kila jalada tumeliorodhesha kwenye daftari.

Mheshimiwa, wapo wanaotaka tranka liende Dar es Salaam. Hatubishi, huko kuna wataalamu. Ila nakala zibaki hapa, alikozaliwa. Kwa hiyo tunaomba skana moja, kabati la chuma (la mbao mchwa wameshalionja), na utuombee mtaalamu kutoka Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa aje atufundishe walau siku mbili.

Tranka liko chini ya meza yako, Mheshimiwa. Ufunguo anao mwalimu mlezi, na kadi ya bibi tumeiweka juu kabisa.

Tunaomba kuwasilisha.