Barua kwa dada: watoto wamerudi kutoka kambi ya Kifaransa

Dada shikamoo, na mama mpe shikamoo yake kabla hujaendelea maana najua kakaa hapo pembeni anasubiri umsomee. Watoto wamerudi. Wazima wote wawili, mdogo kakonda kidogo, mkubwa sauti imekauka kwa kuimba njia nzima, nguo zimerudi zote isipokuwa soksi. Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu kwa simu ungenikatiza katikati na haya nataka uyasikie mpaka mwisho, maana mwezi wa sita tulipoongea uliniambia maneno mazito sana dada, eti ni mzazi gani anachukua watoto ambao ndo kwanza wamemaliza kufungua mabegi anawapeleka milimani wiki mbili kwa watu ambao hata lugha yao hawaijui. Sijakasirika. Ila nataka nikueleze nilivyowaza na kilichotokea kweli kweli.

Kilichokuwa kinaninyima usingizi ni shule. Hapa Ufaransa zinafungwa mwanzoni mwa Julai na kufunguliwa Septemba, na mtoto aliyetoka nje anapimwa kwanza Kifaransa chake na masomo yake, alaf wengi wanaingizwa kwenye mpango unaitwa UPE2A, yani yupo darasa la kawaida na wenzie ila masaa kadhaa kwa wiki anaenda kufundishwa Kifaransa pamoja na wageni wengine. Ni mpango mzuri, siusemi vibaya hata kidogo. Lakini niliona wakisubiri mpaka Septemba basi siku yao ya kwanza kuzungukwa na Kifaransa asubuhi mpaka jioni itakuwa ndo hiyo hiyo siku ya mwalimu na maksi na darasa zima linakukodolea macho ukikosea. Nilitaka wakutane nacho kwanza kwenye maji, kwenye mpira, mahali ambapo ukikosea hamna mtu anaeandika.

Na hao watu nisiowajua, dada, nilichunguza. Hizi kambi wanaziita colonie de vacances, wenyewe wanafupisha wanasema colo, na ni kitu cha zamani, kilianzia kwa majirani zao Uswisi mwaka 1876, mchungaji mmoja wa Zürich anaitwa Hermann Walter Bion alichukua watoto wa familia maskini wa mjini akawapandisha milimani Appenzell wapate hewa safi na chakula, Wafaransa nao wakafuata, na mpaka leo mtu mzima wa hapa ukimtajia tu colo anaanza kukuhadithia za utotoni kwake hanyamazi. Sheria inawabana. Watoto wakiwa na miaka 6 na kuendelea lazima awepo mlezi mmoja kwa kila watoto 12, na angalau nusu ya walezi wawe na cheti, wengi wao ni vijana wenye kile cha BAFA, wanawaita animateur. Kabla ya safari nilijaza fomu ya afya ndefu kweli, chanjo ya pepopunda, dondakoo na polio lazima iwepo, mzio, dawa, hata kama mtoto anakojoa kitandani wanauliza mapema ili wajue la kufanya asije akaaibika mbele ya wenzie. Hilo la mwisho ndo lilinituliza moyo, nikasema hawa wanajua watoto. Hela nayo ilipatikana, mkubwa katimiza miaka 11 mwaka huu na kuna msaada wa serikali ulianza 2024 unaitwa Pass colo, unatoa kati ya euro 200 na 350 kulingana na kipato cha familia, huyo mdogo ndo tulimlipia wenyewe, kazini kwa baba yao wakachangia kidogo.

Kambi ipo juu ya Ziwa Annecy, kama masaa mawili kwa treni kutoka hapa Lyon. Kama nusu ya watoto ni Wafaransa waliokuja likizo tu na waliobaki ni wa nje, Waitaliano, Wahispania, Wajerumani, na hawa wetu. Asubuhi wageni wana masomo ya Kifaransa, mchana mpaka usiku wote wanachanganywa.

Sasa jambo ambalo najua litakuuma. Walipofika tu wakawatenganisha. Mkubwa kundi lake, mdogo kundi lake, vyumba mbalimbali, meza mbalimbali, na mkurugenzi alinieleza kabisa kwamba ni makusudi, wakiwaacha pamoja watakaa kona moja wanaongea Kiswahili mpaka siku ya kurudi. Nilivyosikia tumbo lilinikata dada, yule mtoto hajawahi kulala mbali na dada yake. Lakini nikijiuliza kwa haki, ni kweli, ningekuwa na miaka 8 nina dada yangu pembeni ananitafsiria kila kitu ningeongea na nani mwingine?

Basi mdogo akanyamaza. Yani kimya kabisa, anakula, anacheza, anafuata wenzie kwenye mstari, mdomo haufunguki. Usiku analia chini chini, na animateur wao, kijana wa kiume, anakaa sakafuni karibu na kitanda chake mpaka apitiwe na usingizi, hili kaniambia mtoto mwenyewe. Mkurugenzi akanipigia akasema nisiogope, watoto wengi wakiingizwa kwenye lugha mpya huwa na kipindi cha ukimya, masikio yanafanya kazi mdomo umepumzika, na kumlazimisha aongee ndo kunamfunga zaidi. Nikaenda kusoma mwenyewe maana we unanijua. Kumbe mambo haya ya kumzamisha mtoto kwenye lugha yana historia, mwaka 1965 huko Saint-Lambert karibu na Montréal, Kanada, wazazi wanaoongea Kiingereza waliidai shule iwafundishe watoto wao chekechea yote kwa Kifaransa, watu wakawashangaa, alaf watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill wakawafuatilia wale watoto miaka na miaka, na Kiingereza chao hakikufa na Kifaransa wakakipata. Hapo nilipumua.

Kitu kimoja sikukubaliana nao na niliwaambia. Siku za mwanzo waliomba wazazi tusiwapigie watoto kabisa, na hata baadae simu za wakubwa zinakusanywa zinatolewa nusu saa tu kabla ya chakula cha jioni. Ya nusu saa naikubali, ni nzuri mno, mtoto anaeongea na mama yake kutwa nzima hayupo kambini. Lakini kumnyima sauti ya mama mtoto wa miaka 8 ambae hana muda tangu avuke bahari, hapana, kila mtoto na hali yake, na niliposema wakanielewa, wakanipa dakika kumi na yeye. Kwenye hizo dakika kumi akaniambia "mama kuna mtumbwi", akakata simu. Akakata yeye!

Huo mtumbwi una habari yake, nimeipata kwa mkubwa maana siku hiyo makundi yalikuwa pamoja. Huku mtoto haruhusiwi kupanda kayaki mpaka apite mtihani wa maji, aruke ndani, alale chali aelee sekunde 5, aogelee mita 20, apite chini ya kamba inayoelea. Kuogelea anajua, hilo sio tatizo. Tatizo maelekezo ni ya Kifaransa na yeye ndo kawekwa wa kwanza kwenye mstari, hamna wa kumuigiza. Animateur wa pale majini, binti mmoja, akasema neno, mtoto akamtazama. Akarudia, mtoto akamtazama. Alaf unajua alifanya nini? Akalala chali pale pale kwenye sementi, na miwani yake ya kuogelea, mikono kaitandaza, akainua kichwa kumwangalia yule binti kama anamuuliza ni hivi? Yule binti akapiga makofi akasema oui, sur le dos, yani ndiyo, chali, na mtoto akajibu, sur le dos, kwa sauti mstari mzima ukasikia, akainuka akaruka majini. Ndo maneno yake ya kwanza kambini. Mkubwa anasema yeye alitokwa na machozi pale kwenye mstari na hakutaka mtu amuone.

Baada ya hapo akapata rafiki, katoto ka Kiitaliano ka umri wake, na hapa ndo nataka unielewe vizuri dada. Yule mtoto Kiingereza hajui. Kiswahili ndo usiseme. Na wetu Kiitaliano hajui. Kwa hiyo hawa wawili wakitaka kugombania mpira, wakitaka kupanga uongo wa kumwambia mlezi, hawana lugha nyingine yoyote ya kuongea isipokuwa hicho Kifaransa chao kibovu, na wakakitumia bila aibu kwa sababu hakuna aliyekuwa anakijua kumzidi mwenzie. Mwalimu wa asubuhi kafanya kazi yake na namshukuru, ila mimi naamini aliyemfungua mdomo mwanangu ni yule Muitaliano. Walikuwa wakicheza kujificha wanahesabu wakifika 69 wanakwama wote wawili, maana Wafaransa 70 wanasema sitini na kumi, 80 ni nne ishirini, 90 ndo balaa zaidi, basi wakakubaliana wanahesabu mpaka 60 alaf wanaanza upya moja mpaka 40, inatimia mia. Watoto wa Kifaransa wakalalamika ni wizi, ikabidi wawafundishe, wanahesabu wote kwa kupiga kelele uwanjani. Sasa hivi anahesabu mpaka mia anapanda ngazi za hapa kwetu, majirani wameshazoea.

Mkubwa yake ilikuwa ngumu kwa namna nyingine. Yeye alianza vizuri, si unajua alivyo, anaongea na kila mtu, alaf mvulana mmoja akamcheka anavyotamka r, akairudia mbele ya meza nzima. Akafunga mdomo. Kwa umri ule kuchekwa kunauma kuliko kupigwa. Animateur wake hakugomba hadharani, alimchukua yule mvulana pembeni, alaf jioni kwenye mkesha, kila usiku wana mkesha wa michezo na hadithi, akaomba watoto wa nje mmoja mmoja wafundishe mchezo wa kwao kwa lugha ya kwao. Mkubwa akawafundisha ule wa kupiga makofi mkiwa wawili wawili, ule mliokuwa mnacheza nae uani wewe na mama. Anasema wasichana walishindwa kabisa kusema ng'ombe, walikuwa wanajaribu mpaka saa ya kulala, kesho yake kwenye mstari wa chai wanajaribu tena. Yule mvulana hakushiriki na hawakuwa marafiki mpaka mwisho, ila mkubwa akarudi kuongea, na nadhani hilo lilimfundisha kitu ambacho mimi nisingeweza kumfundisha nikiwa nimekaa nae sebuleni.

Mengine nitakwambia haraka. Tarehe 14 Julai, sikukuu yao ya taifa, walishushwa ziwani usiku kuangalia fataki, mdogo akalala kabla hazijaisha. Walipelekwa Semnoz, mlima wa pale pale, kule juu siku isiyo na mawingu unauona Mont Blanc na theluji yake mwezi wa saba, mkubwa kapiga picha nyingi mno zote zinafanana, atakutumia, mwambie nzuri. Jibini mdogo hakuigusa, mkubwa anaitaka kila siku. Na posta ikaleta kadi ya mdogo wakati yeye mwenyewe ameshafika nyumbani, kaandika Kifaransa anavyokisikia sikioni, "jé nagé, sé bien", yani nimeogelea, ni vizuri, nimeibandika kwenye friji na sitaki mtu amsahihishe.

Sitakudanganya, hawajui Kifaransa. Wiki mbili hazimpi mtu lugha, na Septemba bado itakuwa ngumu, hilo nalijua. Ila kabla ya kambi nikimpeleka mdogo kwenye bembea hapa chini alikuwa anakaa na mimi kwenye benchi, anaangalia watoto wa watu wanavyocheza, mpaka roho inaniuma namrudisha ndani. Juzi kaenda mwenyewe akasimama mbele yao akasema je peux jouer, yani naweza kucheza, wakamsogezea nafasi, na mimi nikabaki na benchi langu. Dada, hilo ndo nililolitaka. Sikuwa natafuta sarufi.

Mama najua hofu yake ni Kiswahili. Mwambie asiogope, ndani ya nyumba hii ni Kiswahili mwanzo mwisho, hilo nimeliwekea sheria na baba yao ananiunga mkono, na tena wamerudi wana hamu nacho, usiku wa kwanza walikaa kitandani wanaongea wao wawili mpaka nikawazimia taa. Ila naomba msaada wenu. Mkipiga simu msiwaambie waongee Kifaransa muwasikie, mdogo hapendi, anajisikia kama anapimwa. Mumwulize tu habari za yule mwenzie wa Italia, wameahidiana kuandikiana barua na hajui aanzeje, ataongea mpaka salio liishe. Na mama aandae hadithi moja ndefu ya Jumapili, mkubwa anasema kule kwenye mkesha kila mtoto alikuwa na hadithi ya bibi yake na yeye anataka za kwenda nazo mwakani.

Mdogo wako anaewapenda.