Barua kwa mwanangu: kumjua tembe na pora siku ya kuanguliwa

Mwanangu mpendwa,

Nyumbani hatujambo, tunakuombea heri. Umeuliza namna ya kupandisha kuku ili kifaranga akitoka tu kwenye yai rangi yake ikuambie ni jike (tembe) au dume (pora), maana wateja wako wa mayai wanataka majike peke yao. Inawezekana, tena bila kifaa chochote. Kinachotakiwa ni koo, yaani kuku jike anayetaga, wa rangi fulani na jogoo wa rangi fulani. Ukiwabadilisha nafasi, hupati kitu.

Shika hili kwanza, mengine yanatoka hapa. Jogoo ana kromosomu (vibeba urithi vya mwilini) Z mbili. Koo ana Z moja na W moja. Ile Z ya mama huenda kwa watoto madume tu. Mtoto jike Z yake hutoka kwa baba. Kwa hiyo kwa rangi zinazokaa kwenye Z, jike humfuata baba, na dume hubeba ya mama. Mistari myeupe ya kuku wa aina ya Plymouth Rock inakaa hapo. Weupe wa fedha wa aina ya Light Sussex nao unakaa hapo. Rangi hizi mbili zina nguvu: hata dume akiipata moja kwa mama peke yake, inaonekana.

Njia ninayokushauri uanze nayo ni jogoo wa Rhode Island Red, aina ya kuku wekundu, juu ya makoo wa Plymouth Rock wenye mistari. Vifaranga wote watatoka weusi. Dume atakuwa na doa jeupe au la manjano utosini, jike kichwa chake ni cheusi. Ukikosa jogoo mwekundu, Black Australorp, aina ya kuku weusi, anafaa pia, ila hapo uwe makini: vifaranga wa damu hiyo huwa na weupe tumboni na kwenye ncha za mabawa, majike kwa madume. Usiutazame weupe huo. Tazama utosi tu.

Njia ya pili ni jogoo huyohuyo mwekundu juu ya makoo wa Light Sussex. Hapa madume hutoka manjano iliyopauka, majike hudhurungi au wekundu. Baadhi huwa na michirizi mgongoni, isikubabaishe. Angalia rangi ya mwili mzima.

Wengi huharibikiwa kwa kuchukua koo yeyote mweupe wakidhani ni sawa na Light Sussex. Si sawa hata kidogo. White Leghorn na kuku weupe wa nyama wana weupe wa aina nyingine unaofunika kila rangi, na vifaranga watatoka manjano wote. Light Sussex wa kweli utamjua kwa manyoya meusi ya shingoni na mkiani. Na jogoo mwenye mistari kwa koo mwekundu? Huyo anawapa mistari watoto wote wa kike na wa kiume, doa halikusaidii tena. Koo wa kienyeji mwenye mistari huwapa madume wake wote mistari hiyo, lakini vifaranga wake wakitoka kahawia doa halisomeki vizuri. Ndiyo maana nakutaka utafute Plymouth Rock.

Jogoo mmoja mpe makoo 8 hadi 10. Kama makoo walikaa na jogoo mwingine, mtoe, kisha subiri siku 21 kabla ya kukusanya mayai ya kutotolesha, kwa sababu mbegu za jogoo hukaa hai ndani ya koo muda mrefu. Usiharakishe hapo. Kifaranga mmoja wa jogoo wa zamani akichanganyika, hutajua kosa liko wapi. Mayai yasizidi siku 7 kabla ya kuingia kwenye inkubeta (mashine ya kutotolesha), yakae mahali pa baridi, ncha ikiangalia chini.

Siku ya 21 tangu mayai yaingie, vifaranga wakitoka waache wakauke kabisa kwanza. Manyoya yakiwa na maji doa hulala na halionekani. Mshike kifaranga kwenye kiganja karibu na dirisha, mwanga wa mchana, upapase utosi kwa kidole gumba manyoya yainuke. Fanya siku hiyohiyo. Doa kubwa lenye kingo zisizonyooka ni dume. Mwenye nywele mbili tatu nyeupe tu mweke boksi la tatu, la wasiojulikana, wala usimuuzie mtu kama tembe.

Kabla hujauza hata mmoja, kundi la kwanza lote livalishe pete za miguuni, rangi moja kwa uliowaita majike na nyingine kwa madume, uwafuge wiki 8. Kwa njia ya kwanza, pora watakuwa wameota mistari na vilemba vyekundu. Tembe watabaki weusi. Hesabu ulipokosea.

Tembe hao wauze au wafuge kwa mayai, lakini usiwapandishe na kaka zao. Dume huyu ana Z moja ya mistari na moja isiyo nayo, hivyo nusu ya majike wake watakuwa na mistari na nusu hawana, madume vivyo hivyo. Kila msimu rudi kwa wazazi walewale wa asili, kwa hiyo tenga banda la Plymouth Rock halisi na banda la wekundu halisi. Jogoo wa banda moja asiruke kwenye jingine. Waya uwe na kimo cha kutosha na juu uweke wavu.

Niandikie ukishapata makoo, unieleze rangi ya miguu na shingo zao kabla hujalipa.

Ni mimi mama yako.