Kazi ya paking, na ile namba

Dodoma,
Juni

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo. Mimi mzima, ila kipupwe kimenipasua midomo. Asubuhi natoka Chang'ombe nimejifunga mtandio mpaka puani, reflekta juu yake.

Umeniuliza kazi ya paking ikoje, maana na wewe umeitwa huko Singida. Kutembea utazoea. Eneo langu ni pale Nyerere Square na mitaa ya jirani, na tangu Bunge la bajeti lianze Aprili magari yamebanana mpaka mtu anakosa pa kupita. Mji umekuwa jiji mwaka 2018, wizara zimehamia, lakini mitaa ya katikati ni ileile. Matusi nayo yapo. Wengi wanadhani hela ya maegesho inaingia mfukoni mwangu, wakati sishiki hata senti: naingiza namba ya gari kwenye mashine, inatoa karatasi yenye namba ya malipo, naibana kwenye waipa, mwenye gari analipa kwa simu.

Kinachoninyima usingizi ni ile namba ya gari. Mwezi wa tatu alinijia mzee mmoja, mkulima wa zabibu wa Hombolo, kashika simu kwa mikono miwili. Nikampa mbukwenyi, salamu ya Kigogo, akaitikia vizuri tu. Pikapu yake ilikuwa inadaiwa maegesho ya siku ambayo yeye alikuwa shambani anavuna. Tukafuatilia. Kumbe gari lililoegeshwa lilikuwa na 8, tope limefunika upande mmoja, mimi nikaandika 3. Mashine yangu, zamu yangu, kosa langu. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Sasa mwanangu, deni hili linafutwaje?"

Nilimpeleka ofisini mwenyewe, nikaandika maelezo mbele yake. Deni lilifutwa, lakini baada ya kumrudisha mjini mara ya pili. Nikamtolea nauli, akakataa katakata. Alipokea chupa ya maji tu. Shoga, niliumia sana. Mtu kaacha zabibu zinamsubiri, anahangaika na daladala kwa sababu mimi sikuinama.

Tangu siku hiyo natembea na kitambaa. Namba ikiwa na vumbi naipangusa, naisoma kwa sauti, naandika, kisha nairudia kabla ya kubonyeza. Jioni hesabu yangu ya magari huwa chini ya ya wenzangu, na msimamizi ameshaniuliza mara mbili. Nimemwambia sababu, na nitaendelea hivihivi.

Kazi ichukue. Nunua raba zenye soli nene na kofia pana, jua la huko unalijua. Kuna dada anapanda basi la Singida Jumamosi, nimempa kifurushi chako: mtandio mmoja wa vumbi, na kitambaa cha pamba kama changu. Ukikipokea nibipu.

Wako wa siku zote.