Dodoma ichague miji rafiki inayofanana nayo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie jambo ambalo hapa makao makuu limeanza kutajwa kwenye mikutano na semina, lakini sisi wakazi bado hatujalijadili kwa kina. Nalo ni ushirikiano wa miji katika safari ya kufikia kiwango sifuri cha hewa ukaa, yaani hali ambayo gesi joto zinazotolewa na jiji hazizidi zile zinazoweza kufyonzwa na misitu, udongo na njia nyinginezo. Nimefanya kazi ya upimaji ardhi Dodoma tangu ujanani hadi nilipostaafu, na viwanja vingi ambavyo leo ni nyumba na barabara nilivikuta vikiwa mapori ya migunga. Naunga mkono kwa moyo wote jiji letu kujifunza kwa wengine. Ninachoomba ni kwamba tuchague wa kujifunza nao kwa kuangalia ukame wetu, mkaa wetu na taka zetu, na kwamba wanaotumwa wawe ni wale ambao kazi yenyewe iko mikononi mwao kila siku.

Dodoma ipo katika hatua ambayo miji mingi iliyotutangulia ilishaipita. Ilipewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, na Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 765,179. Mji wa Serikali wa Mtumba unaendelea kujengwa, barabara ya mzunguko wa nje ina urefu wa kilometa 112.3, na upimaji wa viwanja umekwisha kufika kwenye miguu ya milima. Mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR ilianza kufika hapa, na mwaka huohuo mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, ambalo uwezo wake kamili ni megawati 2,115, ikaanza kuingiza umeme kwenye gridi ya Taifa. Miji ya Ulaya inalazimika kurekebisha majengo, mabomba na mitambo iliyowekwa zamani, wakati sisi bado tunachora. Kiwanja kikishapimwa, barabara ikishawekwa lami na mkondo wa maji ya mvua ukishazibwa na uzio wa mtu, kurudi nyuma ni gharama ya kizazi kizima, na hilo nalisema kama mtu aliyepanda mawe ya mipaka kwa mikono yake.

Hao wa Ulaya wana utaratibu unaofaa kuigwa. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliteua miji 100 ya nchi wanachama, pamoja na mingine 12 ya nje ya umoja huo, iliyodhamiria kufikia kiwango hicho ifikapo mwaka 2030. Sehemu ya mpango huo ni kuliunganisha jiji lililotangulia kujaribu jambo fulani na jiji lingine linalotaka kulijaribu, ili wataalamu wa pande zote mbili watembeleane na waonyeshane kazi ilivyo. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, kwa mfano, ilikuwa imejiwekea lengo la kufika huko ifikapo 2025, lakini mwezi Agosti 2022 uongozi wake ukatangaza hadharani kwamba lengo halitatimia, kwa kuwa mradi wa kunasa hewa ukaa kwenye mtambo wao wa kuchoma taka haukupata fedha zilizotegemewa. Kwangu mimi jiji linaloeleza wazi lilikwama wapi ni mwalimu bora kuliko lile linaloonyesha mafanikio tu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi ya miji hiyo ni kupasha nyumba joto wakati wa baridi kali, na hilo si tatizo la mkazi wa Nkuhungu wala wa Chang'ombe.

Tatizo letu ni mkaa. Asubuhi na mapema, kwenye barabara zinazoingia mjini kutoka vijiji vya Chamwino na Bahi, utaona pikipiki zilizobeba magunia ya lumbesa, midomo imezibwa kwa majani na kushonwa kwa kamba, dereva amesogea hadi juu ya tangi la mafuta kwa sababu kiti chote kimechukuliwa na mzigo. Katika tanuri la udongo la porini, kilo moja ya mkaa hutokana na kilo tano hadi kumi za kuni, hivyo kinachoingia mjini ni sehemu ndogo tu ya kilichokatwa. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mama lishe ninayekula kwake pale Soko la Majengo ana mtungi wa gesi na jiko la mkaa kwa pamoja. Chai, mayai na chipsi anapikia gesi. Maharage, makande na supu anavihamishia kwenye mkaa, kwa kuwa mtungi ukiachwa chini ya sufuria ya maharage hauvuki wiki. Huyu mama hahitaji kuelezwa madhara ya moshi, maana macho yake mekundu yanamweleza kila siku. Anahitaji hesabu ya matumizi inayomlipa. Majiko ya umeme ya presha yanaivisha maharage kwa umeme kidogo, na mita zinazomwezesha mtu kununua gesi kidogo kidogo zimekwisha kutumika Dar es Salaam na Nairobi. Ziara yenye maana kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata zetu ni kwenda kukaa na mama lishe wa miji hiyo, ajue wanalipa shilingi ngapi kwa siku, majiko waliyapataje, na kama wapo waliorudia mkaa, walirudia kwa sababu gani.

Kuhusu miti, ambayo ndiyo tegemeo la kufyonza kile tutakachoshindwa kukipunguza, naomba tuwe wakweli. Dodoma hupata mvua ya takribani milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Sehemu kubwa ya maji tunayokunywa kwa miaka yote hii imetoka kwenye visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013, baada ya kupitia kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji hayo, ulionyesha kwamba akiba hiyo ya chini ya ardhi hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Kwa hiyo kila ndoo tunayoimwagia miche ina thamani yake. Tangu kampeni ya kuikijanisha Dodoma ilipoanza mwaka 2017, miti mingi imepandwa na mingine imestawi vizuri, lakini nimeona pia miche ikipandwa Januari kando ya barabara moja, kila mmoja na kibao cha jina la aliyeupanda, na ilipofika Agosti mashimo yalikuwa na vijiti vikavu. Iliyopona ni miarobaini michache ambayo mwenye duka jirani aliizungushia miba kuzuia mbuzi na kuimwagia maji aliyooshea vyombo.

Jiji la kutufundisha hapo ni Windhoek. Namibia ni kame kuliko sisi, na tangu mwaka 1968 mji mkuu wake umekuwa ukisafisha majitaka hadi kuwa maji ya kunywa, huku mabomba mengine yaliyotengwa yakipeleka maji yaliyosafishwa kwa kiwango cha chini zaidi kwenye bustani na viwanja vya michezo. Sipendekezi tuanze na kunywa. Napendekeza maji yanayotoka kwenye mabwawa ya majitaka ya Swaswa yafikiriwe kwa ajili ya miti ya barabarani, ili maji ya Mzakwe, yanayosukumwa kwa pampu hadi mjini, yabaki kwa ajili ya watu. Mhandisi wetu akikaa Windhoek miezi kadhaa atajua ni vipimo gani vinachukuliwa, nani anavichukua, na wananchi walielezwaje hadi wakakubali.

Jiji lingine ni Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina Faso, ambalo somo lake ni chungu na linanihusu mimi na wenzangu wa ardhi. Mwaka 1976, mwaka uleule ambao Dodoma ilipata mpango kabambe wake wa kwanza, yaani mpango mkuu wa matumizi ya ardhi ya mji, Ouagadougou ilianza kupanda ukanda wa miti kuuzunguka mji ili kuzuia vumbi na kuenea kwa jangwa. Kadiri watu walivyoongezeka, ukanda huo ulimegwa kwa makazi na mashamba, na sehemu yake kubwa ikapotea. Hapa kwetu pia yapo maeneo ya wazi yaliyochorwa kijani kwenye ramani za zamani ambayo leo yana nyumba na fremu za maduka. Mpango kabambe wa sasa ni wa mwaka 2019 hadi 2039. Kama tungekaa na maafisa ardhi wa Ouagadougou tukawauliza ni wapi hasa ulinzi ulilegea, kwenye sheria, kwenye fidia au kwenye usimamizi wa mtaa, tungejua la kufanya kabla milima na mabonde yetu hayajagawanywa.

Lakini kabla ya kuvuka mipaka, yapo mengi ndani ya nchi. Tanga, kupitia mamlaka yake ya maji, iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati za mkopo kwa ajili ya miradi ya mazingira, mwaka 2024 yenye thamani ya Shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma ya maji, na wawekezaji wakainunua yote. Ni jambo kubwa mno kwa jiji la ukubwa wa kati, kwa sababu linaonyesha kwamba fedha za miradi ya namna hii zinaweza kutafutwa kwa Watanzania wenyewe. Sijui kwa nini wahasibu wetu wasipande basi wakajifunze huko. Dar es Salaam nayo ina urafiki na Hamburg ya Ujerumani ulioanza mwaka 2010, na moja ya matunda yake ni kiwanda cha mboji cha Mabwepande, Manispaa ya Kinondoni, kinachopokea taka za sokoni. Taka zetu za Majengo, Sabasaba na Soko la Ndugai, nyingi zikiwa ni maganda, majani na nyanya zilizooza, zikifukiwa pamoja na taka nyingine dampo la Chidaya hutoa methani, gesi ambayo uwezo wake wa kuongeza joto ni zaidi ya mara 25 ya hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Zikigeuzwa mboji zingerudi kwenye mashamba ya zabibu na mtama ambayo udongo wake umechoka.

Dar es Salaam inatufundisha pia hatari ya kuiga nusunusu. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi Mei 2016, yalifuata njia iliyofunguliwa na miji ya Curitiba, Brazil, na Bogotá, Kolombia, na mwaka 2018 jiji hilo likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Njia, vituo na tiketi vilijengwa kwa kufuata mfano mzuri, lakini karakana ikawekwa bonde la Jangwani ambako mafuriko yamekuwa yakiifikia, na mabasi yakawa machache kuliko abiria. Bogotá haikuwa na la kutueleza kuhusu Jangwani. Maarifa ya mahali yalikuwa yetu sisi wenyewe, na ushirikiano wowote wa miji usiowapa nafasi wenye maarifa hayo, wakiwemo wazee wa mtaa wanaojua maji hupita wapi, utatuletea hasara ya aina hiyohiyo.

Nisingependa pia tuonekane kama watu wa kupokea tu. Mkoa huu ulikuwa darasa kabla ya mengi ya haya kusemwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa. Makorongo yalianza kuota majani na miti, na watafiti kutoka nje walikuja kuyasoma. Wafugaji waliohamishwa walibeba gharama kubwa, na hilo nalo ni sehemu ya somo ambayo mwenyeji mkweli hatakiwi kuificha. Siku hizi wakulima wa mkoa huu wanatumia njia ya kisiki hai: badala ya kununua mche, wanachagua machipukizi machache kwenye kisiki ambacho mizizi yake imeshazama ardhini, wanayapogolea na kuyalinda, na mti unarudi bila kumwagiliwa. Majiji yoyote ya nchi kame, Gaborone, Niamey au Windhoek yenyewe, yangenufaika kuja kuona hilo shambani, na sisi tungekwenda kwao tukiwa na cha kubadilishana.

Naomba basi Halmashauri ya Jiji, kabla ya kutia saini hati yoyote ya makubaliano, ifanye na kuchapisha kwa Kiswahili hesabu ya gesi joto za jiji letu: kiasi gani kinatoka kwenye mkaa, kiasi gani kwenye vyombo vya usafiri, kiasi gani Chidaya, na kiasi gani kwenye saruji na matofali ya kuchoma tunayojengea. Bila hesabu hiyo hatuwezi kujua tumuulize nani nini. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo hapa kilimani na kina vijana wa kuifanya. Nafasi za kwenda kujifunza zianze kutolewa kwa msimamizi wa dampo, fundi wa majitaka, afisa ardhi na mtendaji wa kata, wakae huko muda wa kutosha kushika kazi, na wakirudi taarifa zao zisomwe mbele ya Baraza la Madiwani na kubandikwa kwenye ofisi za kata zote, pamoja na yale waliyoona yameshindikana. Baraza likianza kujadili bajeti ijayo, naomba madiwani waulize kama kuna kifungu kilichotengwa kwa ajili hiyo.

Mpima ardhi mstaafu,
Ipagala, Dodoma