Shangazi, Subira si wewe

Shikamoo Shangazi,

Habari ya Bweni, ng'ambo ya Pangani mjini, haikawii kuvuka mto. Juzi nimepigiwa simu nikaambiwa kwamba pale watu wanapongojea pantoni kitabu changu, riwaya ya mapenzi, kinasomwa kwa sauti, mmoja anasoma na wengine wametega masikio, na kila msomaji akifika penye jina la Subira macho yanageukia nyumba yako. Wameshakata shauri. Subira mkata tiketi ni wewe, na yule kijana mpima barabara ni mtu aliyekuwa akija enzi hizo na lori la mkonge. Nikauliza, Shangazi amesemaje? Nikajibiwa: hakusema neno, kajitanda kanga yake akaenda zake.

Ningeweza kukupigia tukayamaliza wawili. Lakini maneno yamesemwa hadharani, basi na mimi najibu hadharani. Subira si wewe. Ila kama si wewe, Subira asingekuwapo, na hilo la pili ndilo lililonikalisha chini, kwa sababu miaka yote hii sijakueleza nilianzaje kuandika. Vijana wananiuliza kila wiki, "Dada, ulianzaje?" Nawapa jibu fupi. Lile refu ni lako.

Unalikumbuka daftari?

Kaunta buku la kwaya mbili, limefungwa kwa uzi wa mkonge lisiachie kurasa. Nilikuwa darasa la nne, nimeletwa kwako kwa sababu baba alipata kazi mbali. Wewe ulizunguka na furushi la kanga kichwani, Bweni yote, ukavuka hadi Pangani mjini, siku nyingine ukafika Mwera. Jioni ukirudi unanawa miguu, unakaa mkekani, unaniita. Wewe unataja, mimi naandika. Muuzaji mwingine angeandikisha rangi, au bei peke yake. Wewe kila doti uliitaja kwa jina lake. "Andika, wa kwa seremala, doti moja, Hasidi hana sababu, kalipa nusu." Naandika. "Andika, wa nyumba ya mwembeni, doti moja, Moyo wangu sultani cha mtu sikitamani, atalipa mwisho wa mwezi." Naandika.

Wiki zilivyopita daftari likaanza kuniambia mambo. Wa kwa seremala kachukua Hasidi hana sababu Jumanne. Jumatatu iliyofuata jirani yake, ambaye hakuwa na desturi ya kukopa, akachukua Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake. Siku tisa baadaye seremala mwenyewe, mwanamume, akaja mlangoni kununua doti ya mtu wa tatu kabisa, akalipa taslimu, akaomba isiandikwe. Nilikuulizia habari zile, moyo unanienda mbio kama ninaona sinema. Ulinitazama, ukasema neno moja: "Andika."

Hukunisimulia kisa cha mtu hata siku moja. Nyumba zote za mji ule zilikuwa kichwani mwako na hakuna iliyotoka. Nikabaki na majina ya kanga, tarehe, na nusu ya malipo, na hayo yaliyobaki nikajaza mwenyewe usiku nikiwa nimelala. Ndiyo riwaya zangu za kwanza zile, Shangazi. Nilizitunga juu ya mkeka wako, bila karatasi.

Kulikuwa na jambo jingine ulilonifundisha ukiwa unakunja mali. Ulinishikisha doti moja ukanionyesha: hili linalozunguka ni pindo, hapa katikati ndipo mjini, na haya maandishi ndiyo jina. Nilistaajabu kitambaa kuwa na mji. Miaka mingi baadaye nilipokwama na mswada, sura ya sita, wahusika wamekauka kama ng'onda, nililikumbuka hilo nikachora kanga kwenye karatasi. Pindo nikaweka mto upande mmoja na bahari upande wa pili. Mji nikaweka watu. Chini nikabakiza nafasi ya jina, na nikajua kwamba mpaka Subira apate neno lake moja la kusema, sina kitabu.

Shuleni mwalimu wa Kiswahili alituambia kwamba Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani kule kwetu Tanga mwaka 1909, aliwahi kuwa karani wa forodha hapa hapa Pangani. Siku ile nilipotoka darasani nilikwenda kusimama ukingoni mwa mto nikatazama majahazi. Mtu aliyetunga vile vitabu alikuwa akiyahesabu magunia mahali hapa, akiyaona maji haya haya ya kahawia yakiingia baharini. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kitabu kinaweza kutoka mahali ninapopajua.

Maana Pangani ikitajwa vitabuni, inatajwa kwa mauti na kwa jasho. Inatajwa kwa Abushiri bin Salim, aliyenyongwa hapa Desemba 1889 baada ya kupigana na Wajerumani. Inatajwa kwa mkonge ulioletwa mwaka 1893: miche 1,000 ilisafirishwa kutoka Florida, ikafika 62 tu iliyo hai, ikapandwa Kikogwe, na kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba yote yaliyowala babu zetu. Inatajwa kwa watumwa waliopitishwa hapa. Yote ni kweli na yote yasisahaulike. Lakini katika miaka hiyo hiyo watu wa Pangani walipendana. Walipelekeana washenga, walikataliwa, walingojana, walioana, na hao nao hakuna aliyewaandika. Nilipoligundua pengo hilo nilikuwa chuoni, nina miaka ishirini na moja, na halijanitoka.

Chuoni nilijifunza kuwa kuna riwaya dhati na kuna riwaya pendwa. Dhati ni ile inayosomwa darasani. Pendwa ni ile inayosomwa na watu. Walimu wangu walikuwa wema na nawaheshimu, ila mgawanyo ule ulinikera na unanikera hadi leo, kwa sababu mapenzi yaliwekwa moja kwa moja kwenye pendwa pamoja na majambazi na wapelelezi, kana kwamba kuoana ni jambo dogo kuliko siasa. Halafu katika riwaya nyingi nilizosoma, za pande zote mbili, msichana wa mji mdogo alikuwa na njia moja. Anaondoka kwao, anaharibikiwa. Rosa Mistika wa Kezilahabi, kitabu cha mwaka 1971, kinaanzia Ukerewe, na mnajua mwisho wa Rosa: anajiua. Ni kitabu kikubwa, kiliniliza. Nilipokifunika nilijiuliza swali la mtoto: je, yule aliyebaki? Yule anayeamka alfajiri pale pale alipozaliwa, anampenda mtu ambaye mji mzima unamjua, na hana pa kumficha?

Huyo ndiye Subira.

Wewe umesikia vipande tu kwenye benchi, basi ngoja nikusimulie mwenyewe. Subira anakata tiketi za pantoni. Kila anayevuka anapita mbele yake, kwa hiyo anajua nani kaenda ng'ambo na nani hajarudi. Anakuja kijana wa kupima barabara, kazi yake ni lile daraja. Unayajua haya kuliko mimi: barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, na daraja la zaidi ya mita 500 juu ya mto wetu. Daraja likikamilika, pantoni haina kazi. Kijana anayempenda ndiye anayeweka alama pale nguzo zitakaposimama. Hakuna mtu mbaya katika kitabu, Shangazi. Yeye anajenga kitu chema, mama wajawazito wasingoje pantoni usiku wa manane. Na kitu chema hicho kinamwondolea Subira dirisha lake.

Kijana huyu haneni mapenzi. Atayanenea wapi? Mbele ya abiria arobaini na kondoo wawili? Kila asubuhi anakuja na noti ya 10,000 kulipa nauli ya 200. Subira anahangaika kutafuta chenji, anaazima kwa muuza mihogo, anahesabu, anahesabu tena. Dakika tatu, nne. Wiki ya tatu Subira anaanza kutoka nyumbani na chenji iliyokamilika kwenye mkoba. Na bado anaihesabu polepole. Hiyo ndiyo sura niliyoiandika nikilia, na ndiyo sura ambayo wasomaji wengi wameniandikia habari zake. Imetoka kwako. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba pesa inayopita mkono kwa mkono inaweza kubeba neno.

Kuhusu kukichapisha nisikuchoshe. Nilipeleka mswada kwa wachapishaji watatu. Wawili hawakujibu. Wa tatu aliniita, akanikaribisha chai, akaniambia vinavyouzwa ni vitabu vya shule, kisha akaniuliza, "Sasa tukio liko wapi? Hakuna anayekufa." Akanishauri nimhamishie Subira Dar es Salaam ili hadithi ichangamke. Nilishukuru nikaondoka. Kwenye basi nilifikiri sana juu ya neno lile, tukio. Dada wa watu anahesabu chenji ambayo tayari anaijua. Kama hilo si tukio, sijui tukio ni nini.

Nikaanza kukitoa vipande vipande kwenye Facebook, sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, chini nimeandika ITAENDELEA. Sehemu ya kwanza ilisomwa na binamu zetu. Kufikia ya kumi na mbili nilikuwa nikiamka nakuta watu nisiowajua, wa Kondoa, wa Tukuyu, wa Kilwa, wanagombana kama Subira amjibu au asimjibu. "Dada umeishia patamu!" "Weka nyingine, sisi tuko macho." Mmoja yuko Muscat anafanya kazi za ndani, aliniambia anasoma jikoni wenye nyumba wakishalala, na kwamba kwao ni mji wenye kivuko pia. Wale ndio walionifunza kukata sura. Mhariri anasoma kwa kazi yake. Mtu wa Facebook akichoka anapita, na hakuagi.

Sehemu zilipoisha wakataka kitabu cha kushika mkononi. Nikachukua mkopo wa kikoba, nikaomba ISBN Bodi ya Huduma za Maktaba, nikachapa nakala 300. Wanalipa kwa simu, naandika jina na mji, napeleka kifurushi stendi. Natumia kaunta buku, Shangazi, kwaya mbili. Nikiandika "wa Tukuyu, nakala moja, kalipa nusu," mkono wangu unakwenda kama ulivyokwenda zamani.

Sasa turudi kwenye benchi la pantoni.

Wanatafuta nani ni nani, na siwalaumu, mji mdogo husoma hivyo. Wa kwa seremala wapo wawili tofauti wanaodai mke wa seremala kitabuni ni wao, na mmoja amefurahi. Ukweli ni kwamba sikuchukua kisa cha mtu yeyote kutoka kwenye daftari lako. Nilichukua namna ya kutazama. Nilijiwekea mwiko tangu ukurasa wa kwanza: chochote nilichokijua kwa sababu ya kuaminiwa kwako, hakiingii. Mara mbili kisa cha kweli kilikuwa kizuri kuliko changu, na mara mbili nilikiacha nikatunga kibaya kidogo.

Na kuna mstari mmoja katika daftari lile ambao wewe unaujua na mimi naujua. Uliutaja usiku, taa imeshushwa, ukanyamaza mahali pa jina la mnunuzi, na mimi nikangoja na kalamu, na wewe hukusema "andika." Ulisema, "Hapo paache." Nikapaacha. Ukurasa wake naukumbuka, na jina la doti ile nalikumbuka. Hayamo kitabuni. Humu pia hayamo. Wakikuuliza mwambie yeyote kwamba mpwa wako kaandika kurasa 212 na hakugusa palipoachwa.

Nakuja Ijumaa, pantoni ya saa kumi. Najua macho siku hizi yanakusumbua na herufi za kitabu ni ndogo, kwa hiyo usianze na wale wa benchi, wanaruka kurasa. Nitakusomea mimi kuanzia mwanzo, mkekani, na wewe ukitaka nisimame utasema. Nakala yako nimeifunga ndani ya doti mpya. Jina lake nimelichagua kwa siku nne katika maduka ya kanga ya Tanga mjini, na hilo limeandikwa kwa herufi kubwa, utalisoma mwenyewe.