Kabla ya Ikolomani, ulizeni Rosterman

Mhariri,

Nauza chai na chapati karibu na mashimo ya dhahabu ya Rosterman, hapa Kakamega. Wateja wangu ni vijana wanaoteremka shimoni kwa kamba asubuhi, jioni wakapanda wamejaa tope hadi kwenye kope. Wengi hawajui kwamba wanachokuna ni makombo ya mgodi wa zamani.

Dhahabu ilivuma huku mwaka 1931, alipoipata L. A. Johnson, Mmarekani aliyekuwa mkulima kule Turbo. Wazungu wakafurika, wengine wakiwa wakulima waliofilisika bei ya mazao ilipoporomoka. Sasa sikilizeni hili. Sheria ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya Mwafrika ikichukuliwa, ataongezewa nyingine badala yake. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ikaigeuza, fidia ya pesa ikatosha. Ahadi haikumaliza hata miaka mitatu!

Kuka, babu yangu mzaa baba, alifanya kazi chini ya ardhi katika mgodi huu wa Rosterman. Alinisimulia kwamba kinu cha kusaga mawe kilinguruma usiku kucha, hata watoto wakazoea kulala nacho kama mvua juu ya mabati. Kukhu, nyanya yangu, alibeba ndizi mbivu kichwani, akawauzia waliotoka zamu ya alfajiri. Siku ya mshahara, alisema, kikapu kilikuwa tupu kabla jua halijapanda. Mgodi ukafungwa 1952. Kinu kikanyamaza, wanunuzi wakatawanyika, kukhu akarudi kupeleka ndizi zake sokoni mjini, na kuka akarudi kwenye mahindi.

Leo dhahabu inazungumzwa tena kule Ikolomani, katika kaunti yetu hii hii, na kuna familia zinazohofia kuhamishwa. Naomba viongozi wetu wa kaunti wafanye mambo mawili. Mkataba wowote wa fidia usomwe barazani kwa Kiswahili na kwa Kiluhya, kina mama wakiwepo, maana sisi ndio tunaolima mashamba hayo. Tena pesa za kufukia mashimo ziwekwe kando kabla jembe la kwanza halijagusa udongo, si siku ya kufunga mgodi.

Karai la kuka la kuchekechea mchanga bado ninalo. Ukingo umeliwa na kutu, nalishia kuku. Anayetaka kuliona kabla ya kutia sahihi yake, aje. Chai huwa tayari saa kumi na moja alfajiri.

Mama Ayub,
Rosterman, Kakamega