Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Meno ya mama yamo kikombeni

Mheshimiwa Waziri,

Mama yangu amesomesha chuo cha Qur'ani hapa Tanga kwa zaidi ya miaka 30. Watoto wa mtaa mzima wamepita kwake, tangu alifu kwa ujiti mpaka kukhitimu. Mwaka juzi aling'olewa meno yaliyokuwa yamesalia, na baada ya miezi michache akatengenezewa ya bandia, ya juu na ya chini. Wanawe tulichanga. Leo yamo kikombeni juu ya kabati, yamefunikwa kwa kisahani. Huyavaa akienda harusini, na akirudi huyavua kabla hajavua buibui.

Ya juu hayana tatizo, yameganda kaakaani. Ya chini yanacheza. Hayana pa kushika ila ukingo mwembamba wa ufizi, na kila akisema neno ulimi unayainua. Nyama hajaionja vizuri tangu hapo. Ni uji, wali wa nazi uliolainika na samaki wa kuchambuliwa. Lakini kinachomliza si chakula. Anayejua kusomesha Qur'ani anajua kwamba herufi *the* na *dhali* hutoka pale ncha ya ulimi inapogusa ncha za meno ya juu, na *fe* hutaka meno hayo yaguse mdomo wa chini. Mama bila meno hawezi kuzitoa, na akiyavaa anahofia ya chini yasije yakamruka mbele ya wanafunzi. Siku hizi mjukuu wake ndiye anayetamka, yeye anasikiliza na kusahihisha kwa kidole.

Nilidhani meno yalitengenezwa vibaya. Daktari mmoja kijana akanieleza jambo ambalo mama hakuwahi kuambiwa. Taya likishang'olewa meno, mfupa wake hupungua, hasa mwaka wa kwanza, na wa chini hupungua zaidi kuliko wa juu. Meno yaliyokaa sawasawa siku ya kukabidhiwa yanaweza kulegea baadaye bila mtu yeyote kukosea. Ndiyo maana mgonjwa hutakiwa arudi: panapochubua pachongwe, na ufizi ulipobonyea liongezwe kwa ndani tabaka la akriliki, ile plastiki ngumu ya meno ya bandia. Mama alipewa meno na neno moja, kwamba atazoea. Kidonda kilipotokea alinyamaza, akiamini kasoro ni ya kinywa chake. Hata kuyavua usiku na kuyalaza kwenye maji, ili ufizi upumzike na fangasi wasipate makao, alijifunzia kwa jirani.

Mheshimiwa, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Katika kupanga mafao yake, naomba meno ya bandia yasihesabiwe kuwa bidhaa inayokwisha siku ya kukabidhiwa. Ziara za marekebisho ziwe ndani ya bei ileile, na tarehe ya kwanza ya kurudi iandikwe kwenye kadi kabla mgonjwa hajaondoka. Najua vipandikizi, vinavyopachikwa kwenye mfupa wa taya ili kushikilia meno ya chini, ni ghali, siviombi leo. Kuchonga na kuongeza tabaka ni kazi ambayo fundi wa maabara ya meno tayari anaiweza.

Na mgonjwa aulizwe. Lipo dodoso la maswali 14 lililochapishwa mwaka 1997, linalotumika katika nchi nyingi: je, umepata shida kutamka maneno? Kula kumekuwa karaha? Umeona haya mbele za watu? Yanaweza kuulizwa kwa Kiswahili chepesi katika kila kliniki ya meno ya serikali, miezi mitatu baada ya mtu kukabidhiwa meno, na majibu yake yakafika wizarani. Hesabu ya seti zilizotolewa haiwezi kukuonyesha kikombe cha mama.

Nimemshawishi arudi kliniki mwezi ujao, nauli na gharama nitabeba mimi. Anaogopa ataonekana msumbufu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtoto wa mwalimu wa chuoni, Tanga